Kaseti Niliyoifuta

Ndugu yangu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu liko sanduku, au mtoto wa meza, au kikapu kilichosukumwa chini ya kitanda, na ndani yake mna kaseti za zamani. Wenye nyumba hawazisikilizi, kwani mashine ya kuzisikilizia iliharibika siku nyingi. Wala hawazitupi, kwani wanaogopa kuwa huenda zina Qurani. Nyumbani kwangu hapa Unguja zilikuwamo 96. Nataka leo kueleza namna kaseti inavyochaguliwa, inavyofutwa na inavyohifadhiwa, jambo ambalo nalifahamu kwa kuwa nililishughulikia miaka mingi. Na nataka vile vile kueleza kosa nililolifanya katika jambo hilo hilo, ambalo sikulijua mpaka ilipopita miaka 36, nalo halijanitoka shingoni hata leo.

Kaseti hii tuijuayo ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi katika maonyesho ya redio yaliyofanywa Berlin mwaka 1963. Kabla yake watu walinasa sauti kwa tepu za magurudumu makubwa, mashine zake nzito kama cherehani, na mtu wa kawaida hakuwa nayo. Kaseti ikaja, ndogo ya kuingia mfukoni, na utepe wake upana wake haufiki milimita 4. Katika miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha enea kila pahala. Kwa kaseti tulizisikia khutba za Sheikh Abdul Hamid Kishk wa Misri hata sisi tusiofahamu Kiarabu chake chote. Kwa kaseti darsa za masheikh wetu zilivuka bahari. Na sitaficha kwamba kwa kaseti hiyo hiyo taarabu nayo iliingia vyumbani. Chombo hakina dini. Dini anayo mwenye kukitumia.

Lakini kwetu sisi kaseti ilikuwa kwanza barua.

Kaka yangu alihamia Maskati mwaka 1974. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mshona kofia katika mtaa wa Malindi, na mkono wake ulikuwa mzuri si kwa sindano tu bali kwa kalamu pia, kwani alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee. Khalafu mtoto wa jicho akamfunika. Sindano akaiacha, na kalamu akaiacha. Kaka akatuletea kwa msafiri mashine ya kaseti yenye kipaza sauti ndani yake, na tangu siku hiyo barua za mama zikawa za sauti. Baada ya sala ya Isha mimi nilikuwa nikiiweka mashine juu ya mkeka mbele yake, nikifunga dirisha la upande wa barabara, nikibonyeza kitufe chekundu pamoja na mwenzake, naye akianza kwa kumsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, akimsalimia kaka, na mke wa kaka, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao, pasina haraka, mpaka robo ya upande wa kaseti ilikuwa imekwisha kwa salamu tu. Nami nilikuwa nikikasirika moyoni kwa hasara ile ya utepe.

Kaseti ilikwenda Maskati mfukoni mwa msafiri. Kaka aliisikiliza, akatia majibu yake upande wa pili, ikarudi. Tukayasikiliza majibu, kisha tukatia maneno mapya juu ya yale ya zamani. Hivyo kaseti moja iliweza kwenda na kurudi mara sita au saba, na kila neno jipya lilikuwa limesimama juu ya kaburi la neno lililotangulia. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo. Nani huweka maji yaliyokwisha pita?

Baada ya muda mama akajifunza vitufe mwenyewe, kwa kuvipapasa. Akawa, mimi ninapokuwa kazini, akitia sauti yake peke yake. Nilifurahi, kwani ilinipunguzia kazi. Sikufikiri kwamba mtu mzima huenda akawa na neno la kumwambia mwanawe mmoja asilotaka mwanawe wa pili alisikie.

Ama mimi, kazi yangu ya khiyari ilikuwa kunasa darsa za msikitini kwetu, na katika kazi hiyo nilijifunza kuchagua kaseti. Anayenunua huitazama namba iliyoandikwa mbele. C60 maana yake ni dakika 60, nusu saa kila upande. C90 ni dakika 90. C120 ni dakika 120. Watu wengi walidhani kuwa ile ya dakika nyingi ndiyo yenye faida, na muuza duka hakuwakataza. Lakini umbo la nje ni moja, na gurudumu la ndani ni moja, basi utepe mrefu hauwezi kuingia humo ila kwa kufanywa mwembamba. Utepe hutembea sentimita 4.76 kila sekunde, kwa hivyo C60 huhitaji utepe wa karibu mita 86, na C120 huhitaji maradufu yake. Utepe wa C60 unene wake ni kiasi cha mikroni 16 hadi 18, yaani elfu-moja za milimita. Ule wa C120 ni kiasi cha 9. Mwembamba namna hiyo hunyooka, hujikunja, huliwa na mashine, na sauti iliyo katika mzingo mmoja huweza kupenya kuingia katika mzingo ulio juu yake, hata msikilizaji akamsikia sheikh kwa mbali kabla hajasema. Mimi sikupata kununua C120 ila mara moja, nikajuta. Darsa niliitia katika C60 au C90, na niliichagua kaseti iliyofungwa kwa skurubu tano kuliko ile iliyogandishwa, kwani ya skurubu ikipatwa na ajali hufunguliwa ikatengenezwa. Ziko pia zilizoandikwa kromu au metali, bei yake kubwa. Hizo zina faida kwa ala za muziki, na kwa sauti ya mtu anayesomesha hazina haja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wale waliokuwapo wanakumbuka, vitu vilikuwa adimu madukani Tanzania nzima. Sabuni ilikuwa adimu, seuze kaseti. Kaseti mpya tulikuwa tukiipata kwa msafiri tu, na kila iliyokuwamo nyumbani ilihesabiwa.

Katika Ramadhani ya mwaka 1983, siku za mwishoni mwa mwezi, akaja msikitini kwetu sheikh mgeni kutoka bara ya pwani, mtu wa elimu kubwa, naye angedarsisha baada ya Alasiri siku moja tu kisha asafiri. Sikuwa na kaseti tupu. Nikarudi nyumbani mbio. Mama alikuwa amelala, usingizi wa mchana wa Ramadhani. Juu ya rafu palikuwa na kaseti ya C60, ambayo mwandiko wa kaka ulikuwa juu yake, nami nikaijua kuwa ni ya barua iliyokwisha jibiwa. Ganda lake lilikuwa limefungwa uzi mwekundu wa kushonea kofia. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Nikaukata uzi kwa meno, nikaenda zangu.

Sasa nieleze namna mashine inavyofuta, kwani wengi hawajui kuwa kurekodi na kufuta ni tendo moja. Ukibonyeza kitufe chekundu, utepe hupita kwanza mbele ya kichwa kidogo kiitwacho kichwa cha kufutia. Kichwa hicho huutikisa usumaku wa utepe kwa umeme wa mtetemo wa kasi sana, kasi ambayo sikio halisikii, mpaka vijichembe vyote vya utepe vikapoteza mpango wake. Katika mashine za bei ndogo kazi hiyo hufanywa na kipande cha sumaku tu. Baada ya hapo, pale pale, utepe hupita mbele ya kichwa cha pili, na sauti mpya huandikwa. Basi sauti ya zamani haifunikwi na mpya kama rangi juu ya rangi. Huondolewa kabisa, na fundi yeyote unayemjua hawezi kukurudishia. Lakini pia haiondolewi ila pale ulipopita utepe huku kitufe kimebonyezwa. Ukisimamisha mashine, kilichobaki mbele kimebaki kama kilivyokuwa.

Sheikh alidarsisha dakika 56. Upande wa kwanza ulijaa. Upande wa pili alimaliza kwa dua katika dakika ya 26, nami nikasimamisha mashine.

Usiku nilipokuwa nikimpakulia mama futari nikamwambia, "Mama, ile tepu ya rafuni nimeitumia kwa darsa." Akaniuliza, "Ipi, baba? Si ile yenye uzi?" Nikasema, "Ndiyo hiyo. Nitakupatia nyingine, inshallah." Akakaa kimya kwa muda, kijiko mkononi. Khalafu akasema, "Basi. Darsa ni kheri." Sikumsikia akiizungumza tena.

Mama alifariki mwaka 1985. Kaka akaja katika arubaini yake. Mwaka wa pili yake tukagawana mirathi, mimi na kaka na dada yetu, kwa mujibu wa sheria, na kadhi akatuandikia.

Nami nikaendelea na kaseti zangu. Kaka alikuwa ameniletea kisanduku kizuri cha Qurani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary, ambaye ndiye wa kwanza kusomeshwa na kunaswa Qurani nzima kwa tartili, huko Misri, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisanduku hicho nilikilinda kama mboni ya jicho. Na hapa yafaa nieleze ulinzi wa kaseti. Katika ukingo wa nyuma wa kila kaseti, ule usio na utepe, viko vijino viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Ukiishika kaseti upande wa kwanza ukikutazama, na utepe ukiwa chini, kijino cha upande huo ni kile cha kushoto. Mashine ina ulimi mdogo ndani yake unaokipapasa kijino. Ukikikuta, kitufe chekundu hukubali. Ukikuta tundu, hukataa. Kwa hivyo anayetaka upande fulani usifutwe hukivunja kijino chake kwa ncha ya bisibisi, wala hakigusi cha pili. Na akibadili nia baadaye huliziba tundu kwa kipande cha karatasi ya gundi. Kaseti zinazouzwa zikiwa na sauti tayari, kama zile za Sheikh Al-Husary, hutoka kiwandani hazina vijino. Mimi hata hizo nilikuwa nikizikagua! Nilizifunika kwa kitambaa, nikaziweka mbali na spika, kwani ndani ya spika mna sumaku. Nikazisimamisha wima kama vitabu, nisizilaze. Nikaweka chumvi iliyokaushwa katika kitambaa kando yake kwa ajili ya unyevu wa bahari, nikiibadili kila inapolowana.

Niliwahi pia kuuliza, nami nayataja hapa kwa sababu najua msomaji naye anataka kuuliza, kama inajuzu kuifuta kaseti yenye Qurani au kuishika pasina udhu. Sheikh niliyemuuliza alinijibu kuwa utepe hauna herufi zilizoandikwa zikaonekana, basi hauna hukumu ya msahafu. Kuushika pasina udhu hakuna ubaya, na kuufuta kwa haja hakuna ubaya, ila adabu ni bora, na kutupa jaani si adabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu kali zaidi.

Basi tazama hali yangu. Yale ambayo kila duka la vitabu kutoka Jakarta mpaka Dar es Salaam liliyauza, na ambayo leo mtoto huyapata katika simu yake kwa kugusa mara moja, niliyalinda kwa kitambaa na chumvi. Na yale yaliyokuwapo nakala moja tu duniani, niliyakata kwa meno.

Mwaka 2019 mjukuu wangu, kijana wa miaka 17, aliniletea habari kwamba anaweza kuzihamisha kaseti zote kuziingiza katika kompyuta. Akanunua mashine iliyotumika, tukaisafisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti, akaunganisha waya, akaanza. Kazi hii haina njia ya mkato: kaseti ya saa moja huchukua saa moja. Mimi nilikuwa nikikaa naye kaseti mbili tatu, kisha nikichoka. Yeye alikuwa na desturi ambayo mimi sikuwa nayo kamwe. Mimi darsa ya yule sheikh mgeni nimeisikiliza labda mara ishirini katika umri wangu, na kila mara anapomaliza dua mimi huitikia amin nikazima. Yeye alikuwa akiiwasha mashine, akiondoka kwenda kula, akiiacha mpaka utepe ujikatie wenyewe.

Siku ile alinijia barazani. Akasema, "Babu, shikamoo. Kuna sauti ya bibi mmoja humu mwishoni, baada ya dua. Ni nani?"

Nikaingia. Akairudisha nyuma kidogo. Sheikh akamaliza, ukaja mlio wa kitufe nilichokibonyeza mimi mwenyewe mwaka 1983, na baada yake, katikati ya neno, sauti ya mama:

"...akaniachia mkononi, vikuku viwili, akasema mpaka nitakaporudi. Nami siku ya safari ya baba yenu ya kwenda kutibiwa nikaviuza, mwanangu, sikuwa na njia. Hajui mtu. Ndugu yako usimwambie, atauza hii mashine yake, na ndiyo inayonifikisha kwako. Akirudi nami sipo, wewe umlipe. Ukiweza kabla, bora."

Kisha akasalimia wajukuu mmoja mmoja. Jogoo akawika. Utepe ukaisha. Dakika nne.

Kijana akaona uso wangu, akaondoka polepole akaufunga mlango. Nilikaa humo mpaka Magharibi.

Baba yetu aliugua mwaka 1978 akasafirishwa kwenda kutibiwa, akafa mwaka 1979. Sisi tulikuwa tukisema kuwa mama alikuwa na akiba. Hatukumuuliza akiba hiyo ilitoka wapi, na mshona kofia anapata kiasi gani.

Nilimpigia simu kaka Maskati usiku ule ule. Hakupata kuisikia khabari hiyo. Akanyamaza sana, kisha akakumbuka kwamba katika barua ya sauti ya mwaka 1984 mama alimwambia, "Njoo, nina maneno nawe, nayo siyasemi tena mashinini." Naye alikuwa na dhiki zake za kazi na za karatasi za safari, akachelewa. Alidhani anaitwa kwa mapenzi tu. Katika ile kimya ya simu nilijua kuwa kila mmoja wetu anajihesabia kosa lake, wala hamuhesabii mwenziwe. Mwenyezi Mungu amlipe, hakunilaumu kwa neno moja.

Tukaanza kutafuta. Jina la mwenye vikuku lilikuwa katika zile dakika 26 nilizozifuta, maana mama hakuwa mtu wa kusimulia bila ya kutaja mtu kwa jina na jina la babake. Kilichobaki ni "akaniachia", na lugha yetu kwa neno hilo haitwambii hata kama ni mwanamume au mwanamke. Vikuku ni pambo la mwanamke, lakini mume naye huweza kuweka amana pambo la mkewe aliyefariki. Tulijua tu kuwa ni mtu aliyesafiri. Na nani hakusafiri katika miaka ile?

Nilikwenda kwa Bi Mkubwa mmoja, jirani wa zamani, umri wake ulikuwa umepita miaka 90. Nilimshika mkono, nikampa khabari yote bila ya kuficha. Akasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa kabati la mtaa huu. Aliyeondoka alimwachia." Akanitajia watu watatu. Mmoja alikuwa amekufa Dubai hakuacha mtoto, na ndugu zake niliowapata hawakujua lolote. Wa pili warithi wake walikuwako Mombasa, nikasafiri kwenda kwao. Wakatazamana, wakasema mama yao hakuwahi kutaja vikuku, na wao hawawezi kuchukua wasichokijua. Niliwaheshimu sana kwa neno hilo, kwani wengine wangalinyoosha mkono. Wa tatu hatukupata khabari zake kabisa.

Tukamwendea sheikh, mimi hapa na kaka kwa simu. Akatufahamisha kuwa deni la maiti hutangulia mirathi. Na kwa kuwa sisi tulikwisha kugawana, basi kila mmoja wetu anadaiwa kwa kadiri ya alichorithi, dada yetu pia. Tuendelee kutafuta kiasi cha uwezo wetu. Tukikata tamaa, tuitoe thamani sadaka kwa niaba ya mwenye mali, thawabu yake iwe yake yeye, si yetu. Na akitokea yeye au warithi wake wasioiridhia sadaka hiyo, basi ni juu yetu kuwalipa. Uzito wa vikuku hatukuujua. Akasema tukadirie kwa uzito wa juu wa vikuku vya wakati ule, ili tuwe katika amani. Sonara mzee akatukadiria. Tulichanga sote watatu, na mwaka 2021 tukaitoa kwa mayatima. Nilidhani nitalala vizuri baada ya hapo. Nalala, lakini si kama nilivyodhani.

Msomaji asije akafahamu kuwa nasema kisifutwe kitu. Katika zile kaseti 96 tulikuta moja ya mwaka 1981, ambamo mtu wa jamaa yetu, kwa hasira, alikuwa amezisema siri za ndoa yake ambayo baadaye ilivunjika; na yule mke yu hai, naye ana wajukuu. Nilipofahamu ni nini, nilimtoa kijana chumbani. Maneno ya kikao ni amana, na aibu ya Mwislamu husitiriwa. Kaseti ile ilikuwa imevunjwa vijino. Nilimwomba rukhusa aliyesema, akanipa kwa haraka na kwa haya. Basi nikayaziba matundu kwa gundi, nikashusha sauti ya kunasia mpaka chini kabisa, nikabonyeza kitufe chekundu, nikauacha utepe upite wote, upande huu na upande ule, mara mbili, pasina kunasa lolote. Hiyo ndiyo njia iliyo salama ya kufuta. Usitumie sumaku ya mkono, kwani hukwaruza kazi nusu nusu, na huziponza kaseti zilizo karibu. Wala usidhani kuwa kuitupa kaseti ni kuifuta: mtoto huiokota, hutia kalamu ya risasi katika tundu la gurudumu, akauzungusha utepe ukakaa sawa, na siri yako ikasomwa sokoni.

Tofauti ya kaseti ile na ya mama ni kuwa ile niliisikiliza mpaka mwisho, nikamwuliza mwenye maneno, ndipo nikafuta. Ya mama niliitazama ganda tu.

Kwa hivyo kwa yule ambaye kile kisanduku kiko chini ya kitanda chake, nampa aliyonifunza mjukuu wangu. Usiicheze kaseti iliyokaa miaka mingi papo hapo. Itazame kwanza dirishani mwake: ukiona weupe kama unga juu ya utepe, hiyo ni ukungu, usiitie mashinini, mpe fundi, kwani itachafua vichwa na vichwa vitachafua nyingine. Ile iliyo safi vunja vijino vyake vyote viwili kabla ya jambo lolote, maana kidole cha mzee hutetemeka, na kitufe chekundu ki jirani ya kile cha kuchezea. Kisha uipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, mara moja, ili utepe uliogandamana uachane. Kile kijibamba cha sponji kilicho katikati ya mdomo wake huanguka kwa uzee wa gundi. Kikianguka sauti hufifia, na si kwamba imefutika. Utepe ukikatika usilie, huungwa kwa gundi yake maalumu ukapotea neno moja tu. Anza na zile zisizo na jina, na zile zenye mwandiko wa mkono. Za dukani ziache mwisho. Na uziache zipite mpaka utepe ukome, pande zote mbili, hata kama unadhani zimekwisha.

Kaseti ya darsa ya mwaka 1983 ninayo. Nimevunja vijino vyake, na sauti yake iko katika kompyuta ya mjukuu, na Maskati kwa kaka, na kwa dada. Nimeifunga uzi mwekundu.

Ama shabaha yangu hasa ya kuandika ni hii. Ikiwa wewe, au mama yako, au bibi yako, au baba yako, aliweka amana ya vikuku viwili vya dhahabu kwa mshona kofia wa mtaa wa Malindi, Unguja, kabla ya mwaka 1978, kisha akasafiri, basi mama yetu hakusahau. Mhariri wa gazeti hili anaijua anwani yangu. Sitataka shahidi wala karatasi. Niambie tu jina alilokuwa akimwita, kwani watu wa mtaani walikuwa na jina lao la kumwita ambalo halikuwa lake, na aliyemwachia dhahabu bila ya shaka alilijua.